Jinsi ya kutengeneza sefu nzito ya bunduki nyumbani: nguvu yake iko mlangoni

Anayemiliki bunduki ana kazi mbili zisizokwepeka: mtoto asiifikie, na mwizi asiondoke nayo. Kabati la mbao lenye kufuli haliwezi hata moja. Sefu ya chuma inaziweza zote mbili, na mtu anayejua kuchomelea vizuri, mwenye grainda, drili na subira, anaweza kuitengeneza mwenyewe.

Kosa la kawaida kwenye sefu za kujitengenezea ni kuweka chuma kingi ukutani na akili kidogo mlangoni. Mwizi mwenye mtarimbo haangaiki na ukuta. Anatafuta ufa kati ya mlango na fremu, anaingiza ncha, anaegemeza mwili wake wote. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mlango, makomeo na nafasi inayouzunguka.

Pia ujue unachotarajia. Hakuna sefu ya nyumbani isiyofunguka kabisa. Unachotengeneza ni muda. Kipimo cha Marekani cha UL 1037, kinachotumika kwa sefu nyingi za bunduki za viwandani, kilianza kama jaribio la dakika 5 tu za kushambuliwa kwa zana za mkono, na sefu nyingi za madukani zina kuta zisizofika hata milimita 3. Ukuta wa milimita 6 na mlango wa milimita 10 ni hatua kubwa mbele, lakini grainda yenye diski ya kukatia itaupita mtu akiachiwa nafasi ya kutosha. Ndiyo maana mahali unapoiweka na jinsi unavyoifunga sakafuni ni sehemu ya kazi hii.

Kabla ya kununua chuma, soma masharti ya leseni yako ya silaha. Nchi nyingi zina kanuni kuhusu namna ya kuhifadhi bunduki, na baadhi yake hutaka sefu yenye cheti. Sefu uliyotengeneza mwenyewe haina cheti, na kampuni ya bima inaweza kuikataa kwa sababu hiyo hiyo. Uliza kwanza.

Vipimo na chuma

Nitatumia sefu yenye urefu wa milimita 1500, upana 650 na kina 550. Bunduki ndefu nyingi zitasimama humo bila shida, hata baada ya kuweka kinga ya moto ndani. Kwa kuta, kata mabamba ya chuma laini cha milimita 6 hivi:

- ubavu: vipande 2 vya 550 × 1500
- mgongo: kipande 1 cha 638 × 1500
- juu na chini: vipande 2 vya 638 × 544

Mgongo unakaa katikati ya mbavu mbili. Juu na chini vinakaa kati ya mbavu, mbele ya mgongo. Jumla ni kama mita za mraba 3.3. Bamba zima la 2440 × 1220 lina karibu mita 3 za mraba, kwa hiyo moja halitoshi. Wakikukatia kwa mashine pale unaponunua, kubali: ukingo ulionyooka utakuokolea saa nyingi za kusaga.

Kila mita ya mraba ya chuma cha milimita 1 ina kilo 7.85. Hesabu hii itumie mapema, kwa sababu kuta pekee ni karibu kilo 155, mlango kilo 74, na ukiongeza makomeo, fremu na kinga ya moto unakaribia kilo 350. Ukiwa peke yako usijaribu hata kuisimamisha. Andaa winchi ya mnyororo, vipande vya bomba vya kuviringishia, na watu. Tena pima milango ya nyumba itakakopita kabla hujakata chochote, na uhakikishe sakafu itaubeba uzito huo.

Bamba la mlango usilikate bado. Sababu itaonekana.

Kuchomelea mwili

Saga kingo zitakazokutana kwa nje ili zibaki na mfereji wa V wa milimita 3 au 4. Mshono uingie ndani ya chuma, usikae juu juu ukaja kusagwa wote wakati wa kulainisha. Ondoa kutu, mafuta na rangi mpaka chuma king'ae. Hapa kuna hatari ambayo si ya kufanyia mzaha: usisafishe chuma kwa vimiminika vyenye klorini, kama baadhi ya dawa za kusafishia breki. Mwanga wa kuchomelea ukikutana na mvuke wake hutoa gesi ya fosjini, na hiyo huua. Chuma chenye mabati nacho kikwepe, kwa sababu moshi wa zinki utakulaza kitandani na homa. Fanya kazi penye hewa, vaa kinyago chenye kioo cha namba 10 au 11, na ukimaliza kuchomelea kaa karibu kwa nusu saa ukiangalia kama kuna kitu kinachofuka.

Weka mgongo chini kwenye sehemu iliyosawazishwa, simamisha mbavu, na ushikize kwa matone mafupi kila baada ya milimita 200 hivi. Kisha pima ulalo, kutoka kona hadi kona ya pili, pande zote mbili. Vikitofautiana zaidi ya milimita 1.5, gonga au kata matone, rekebisha, pima tena. Sanduku lisilo mraba halitapata mlango wenye nafasi sawa, na hakuna ufundi wa baadaye utakaoliponya.

Joto hukunja chuma. Usichomelee kona moja kutoka juu hadi chini kwa mkupuo. Piga milimita 50, hamia kona ya mkabala, piga 50 nyingine, hamia tena, mpaka mishono ikutane. Kwa nje mshono uwe mzima bila kukatika. Kwa ndani vipande vya milimita 50 kila baada ya 150 vinatosha. Kwa elektrodi, 7018 ya milimita 3.2 iliyotunzwa pakavu, kwenye ampea 110 hadi 140, hutoa mshono wenye nguvu. Mbele palipo wazi, shikiza kipande cha engo (chuma chenye umbo la L) katikati ya mbavu ili zisivutwe ndani. Utakiondoa baadaye.

Kabla ya kuendelea toboa matundu yote: manne ya milimita 14 kwenye sakafu ya sefu kwa ajili ya bolti za M12 (zenye kipenyo cha milimita 12), na moja la milimita 12 nyuma, chini, kwa waya wa kifaa cha kukausha hewa. Kutoboa sasa ni rahisi. Ukiisimamisha ikiwa imejaa jipsamu ya kinga ya moto utajuta.

Mlango

Mlango utazama ndani ya kuta, uso wake ukiwa sawa na kingo za mbele. Mlango unaokaa juu ya fremu humwachia mwizi ukingo wa kuanzia. Uliozama humwachia ufa mwembamba tu, na nyuma ya ufa huo kuna chuma.

Chuma hicho ni ukanda wa kuegemea. Ndani ya kuta, milimita 12 kutoka ukingo wa mbele, chomelea flati baa (chuma bapa kirefu) ya 40 × 10 upande wa juu, wa chini na upande unaofunguka, bapa lake likitazama mlango. Milimita 10 ni za mlango, 2 ni za mpira au ukanda wa moto, unaovimba ukipata joto. Upande wa bawaba usiweke flati baa hiyo. Weka chuma cha mraba cha 12 × 12, na nitaeleza kwa nini.

Sasa pima uwazi kwa mara nyingine, juu, katikati na chini, upana na urefu. Chuma kitakuwa kimevutwa na mishono, na hutapata tena 638 × 1488 uliyoichora. Kata bamba la milimita 10 likiwa pungufu kwa milimita 4 kwenye upana na 4 kwenye urefu, yaani nafasi ya 2 kuzunguka kote. Hiyo ndiyo sababu ya kungoja.

Laza mwili chali, uteremshe mlango kwa winchi mpaka ukae kwenye ukanda, na uchomeke vipande vya bati la milimita 2 kuuzunguka. Uzito wenyewe utaushikilia wakati unaweka bawaba. Tumia bawaba 3 nzito za pini, zile za mviringo zinazochomelewa, zenye kipenyo cha milimita 20, na uziweke mbele kabisa kwenye ufa wa mlango na ukuta, mistari yao yote ikiwa kwenye mhimili mmoja ulionyooka. Zishikize kwa matone, inua mlango, ufunge, ukague, halafu ndipo umalizie kidogo kidogo huku ukiacha zipoe. Paka grisi kwenye pini kwanza, na uweke washa ya shaba kati ya vipande viwili vya kila bawaba.

Watu huogopa bawaba za nje kwa kuwa zinaweza kukatwa. Zikatwe. Mlango unapaswa kubaki palepale, ukishikwa na komeo lisilotembea upande huo, yaani bamba lililochomelewa nyuma ya mlango.

Hapa ndipo sefu nyingi za nyumbani hukwama. Ukichomelea bamba nyuma ya mlango upande wa bawaba na kuliingiza nyuma ya ukanda, utagundua mlango haufungi tena, maana bamba linagonga ukanda likizunguka. Ili lipite, ni lazima mwendo wake wa mwanzo uwe wa pembeni, kuelekea katikati ya sefu, kabla ya kutoka mbele. Hilo hutokea pale bamba linapokuwa karibu na ukuta wa bawaba na mbali nyuma ya mlango. Ndiyo maana ukanda wa upande huu ni mwembamba. Chukua flati baa ya milimita 10, vipande 3 vya urefu wa 300, uvinyanyue kutoka mgongo wa mlango kwa chuma cha mraba cha 20 × 20, ukingo wao ukiwa sawa na ukingo wa mlango. Vitaingia nyuma ya ukanda kwa milimita 10, na nafasi ya kama 6 kati yao. Chuma cha kunyanyulia kikae milimita 14 ndani ya ukingo huo ili chenyewe kisiguse ukanda. Mhimili wa bawaba ukiwa milimita 10 mbele ya mlango, ukingo utapita bila kugusa, lakini kwa milimita 2 au 3 tu. Chora kona hiyo kwenye boksi gumu kwa ukubwa halisi, itoboe kwa pini mahali pa mhimili, uizungushe kwa mkono. Karatasi ikigusa, chuma nacho kitagusa.

Makomeo

Kwa makomeo tumia chuma cha mviringo kigumu cha kipenyo cha milimita 25: manne upande unaofunguka, moja juu na moja chini. Yanatembea ndani ya engo za 50 × 50 × 6 zilizochomelewa mgongoni mwa mlango, zenye matundu ya milimita 26. Kitovu cha tundu kiwe milimita 25.5 kutoka mgongo wa mlango. Hapo komeo litateleza nyuma ya ukanda likiwa na uwazi wa milimita 1. Uwazi ukizidi, mlango utacheza, na mchezo huo ndio mtarimbo unaoutaka. Ili matundu yalingane, shikiza engo mbili pamoja uzitoboe kwa mara moja.

Makomeo manne ya pembeni yaunganishwe na flati baa moja ya wima, ya 50 × 10. Katikati ya mlango weka kisahani cha chuma cha kipenyo cha milimita 100, kilichofungwa kwenye mhimili wa mkono wa kufungulia. Kisahani kina pini tatu, kila moja milimita 25 kutoka katikati: moja inasukuma baa ya wima, mbili zinasukuma fimbo za juu na chini. Mkono ukizungushwa robo duara, kutoka nyuzi 45 upande huu hadi nyuzi 45 upande wa pili, pini husafiri milimita 35. Zinatosha komeo kuingia nyuma ya ukanda kwa 30 na kurudi likiwa limeacha ukanda kwa 5. Baa ya wima ipitie kwenye viongozo viwili vya chuma ili isitembee pembeni.

Mhimili wa mkono usiufanye imara kupita kiasi. Mwizi atavalisha bomba refu kwenye mkono na kuuzungusha kwa nguvu zake zote, na kama hakuna kinachokatika nje, nguvu hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye kitasa. Funga mkono kwa pini moja ya chuma laini ya milimita 4. Pini itakatika, mkono utazunguka bure, na makomeo yatabaki yamefungwa.

Kitasa na bamba gumu

Kitasa usikitengeneze. Nunua kitasa halisi cha sefu, cha namba za kuzungusha, cha kielektroniki au cha ufunguo wa meno pande mbili. Cha kuzungusha ni cha polepole lakini hakihitaji betri na hudumu miaka mingi. Cha kielektroniki hufunguka haraka gizani. Cha ufunguo kina swali moja tu zito: ufunguo utalala wapi? Ukilala kwenye droo ya chumbani, sefu haina maana kwa mtoto wa miaka kumi.

Ulimi wa kitasa haubebi mzigo wa mlango. Kazi yake ni kuzuia baa ya wima isirudi. Weka kipande cha chuma kwenye baa kiasi kwamba makomeo yakiwa nje, ulimi unatoka nyuma yake na kukaa na nafasi ya milimita 1. Fuata karatasi ya vipimo inayokuja na kitasa kwa matundu yake.

Kati ya kitasa na mlango weka bamba gumu la milimita 6, lile linalotumika kukinga mashine dhidi ya msuguano, lenye ugumu wa Brineli 400 hadi 500. Drili ya kawaida itateleza juu yake. Liwe pana kuliko kitasa kwa milimita 40 kila upande, na likinge pia mhimili wa mkono. Vitasa vingi vizuri vina komeo la dharura ndani: kifuniko cha nyuma kikipigwa na kung'oka, pini yenye springi huruka na kuzuia ulimi usirudi. Ukipata nafasi, ongeza la pili lako, linaloshikiliwa na waya uliofungwa kwenye kifuniko hicho.

Chomelea kila kitu kinachohitaji moto kabla ya kufunga kitasa. Joto na umeme wa mashine huharibu vitasa, hasa vya kielektroniki. Na usifunge mlango kwa kitasa mpaka umekijaribu mara 20 huku mlango ukiwa wazi. Namba ikikataa ukiwa umeshaufunga, utaikata sefu yako mwenyewe.

Kinga ya moto

Hii si ya lazima, lakini kwa kuwa karatasi za umiliki na picha za familia nazo huishia humo, nashauri uiweke. Ubao wa jipsamu unaostahimili moto, wa milimita 16, tabaka mbili, viungo visilingane. Jipsamu safi ni karibu asilimia 21 maji yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe. Moto ukija, joto hutumika kwanza kuyageuza maji hayo kuwa mvuke, na ndani kunabaki karibu na nyuzi 100 kwa muda. Weka tabaka kwenye kuta zote na nyuma ya mtambo wa makomeo, na kwenye ukanda wa mlango ubandike ukanda wa moto, ule unaovimba ukipata joto na kuziba ufa.

Kabla ya jipsamu, paka ndani praima ya kuzuia kutu mara mbili. Kwa kubandika, kataa silikoni yenye harufu ya siki: mvuke wake ni asidi, na ndani ya sanduku lililofungwa utakula mitutu ya bunduki zako. Tumia isiyo na asidi. Funika jipsamu kwa plaiwudi nyembamba na zulia, kisha acha mlango wazi wiki kadhaa mpaka gundi, rangi na jipsamu vikauke kabisa.

Baada ya hapo tatizo linalobaki ni unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50, pima kwa kipimo kidogo cha unyevu, na utumie silika (chembe zinazonyonya unyevu) au fimbo ya umeme inayopasha hewa polepole. Bunduki zisikae ndani ya mifuko yake ya sponji. Sponji hunyonya maji na kuyashikiza kwenye chuma.

Kuiweka

Iweke kwenye kona, kuta mbili zikiwa karibu, upande unaofunguka ukiwa ule wenye ukuta. Mtarimbo mrefu hauna kazi pasipo nafasi ya kuuvuta. Hakikisha tu kwamba mkono wako unapita na mlango unafunguka wote.

Ifunge sakafuni kwa bolti nne za M12 zinazoingia kwenye zege angalau milimita 100, na kama zege hilo lina nyaya za chuma zilizovutwa, usitoboe kabla ya kumuuliza mhandisi. Usiufungue mlango mzima kabla bolti hazijakazwa: mlango na makomeo yake unakaribia kilo 100, na ukining'inia mbele unaweza kuvuta sefu isiyofungwa.

Risasi zikae kando na bunduki, kwenye kisanduku chake chenye kufuli. Kisanduku hicho kisiwe kizito na kilichozibwa kabisa, kwa sababu baruti ikiwaka ndani ya chombo kisichopumua, shinikizo hukigeuza kuwa bomu. Bunduki yoyote ikaguliwe kuwa tupu kabla ya kuingia.

Namba ya kitasa iliyotoka kiwandani ibadilishe siku hiyo hiyo, tena mlango ukiwa wazi. Isiwe tarehe ya kuzaliwa ya mtu yeyote wa nyumbani. Watoto huanza na hizo. Kama kitasa ni cha kielektroniki, badilisha betri kila mwaka hata kama bado zinafanya kazi. Mara moja kwa mwaka pia fungua kifuniko cha nyuma ya mlango, futa vumbi, tia grisi kidogo kwenye makomeo na viongozo, na ukague kama skrubu za kitasa bado zimekaza. Ndani ya kitasa chenyewe usitie mafuta isipokuwa maelekezo yake yanasema hivyo.